Watoto wameongezeka, walimu wanaolipwa ni wale wale: jibu kwa mama mmoja wa COPA, Lubumbashi

SWALI

Mama mmoja wa Lubumbashi, mjumbe wa komite ya wazazi (COPA) katika shule ya msingi ya serikali inayosimamiwa na kanisa, komini ya Annexe, ameandika hivi:

"Kabla ya elimu ya bure ya mwaka 2019 shule yetu ilikuwa na watoto kama 400. Leo wako 780. Vyumba ni 8, wanasoma kwa zamu mbili, asubuhi na mchana, na madarasa ni 13. Walimu nao ni 13, lakini wanaolipwa na serikali ni 8 tu. Watano wanafundisha bila mshahara, mmoja wao tangu 2020. Mwaka wa kwanza una watoto 190 katika madarasa mawili. Mwaka wa sita una 74, nao katika madarasa mawili. Sasa komite inataka kila mzazi atoe franki 5,000 kwa mwezi kwa kila mtoto. Wengine wanasema twende kwa mgodi, wengine twende komini. Direkta anataka kufunga uandikishaji. Mdogo wangu anayeishi Michigan ananiambia kule pesa inamfuata mtoto. Kwetu pesa inafuata nini? Tuanzie wapi?"

JIBU

Mama, asante kwa barua yenye hesabu. Wazazi wengi huandika "walimu hawatoshi" wakaishia hapo. Wewe umeleta namba, na nusu ya jibu imo ndani ya namba hizo.

Kwetu Kongo mshahara wa mwalimu haumfuati mtoto. Unafuata darasa lililokubaliwa kwenye karatasi. Shule inapotambuliwa na serikali, hati yake inataja muundo: madarasa mangapi, direkta, na watumishi wengine kama wapo. Nafasi za mshahara zinatokana na muundo huo, kisha jina la kila mwalimu huingizwa kwenye orodha ya malipo, ile iliyoshikwa miaka mingi na SECOPE, ofisi ya serikali ya malipo ya walimu, na ambayo sasa iko mikononi mwa DINACOPE, iliyochukua nafasi yake. Huko kuingizwa ndiko walimu wanakokuita mekanizasio. Mtoto wa 401 alipoingia mlangoni kwenu, hakuna kilichobadilika kwenye orodha ile. Wa 780 naye hakubadilisha kitu. Hata pesa ndogo ya uendeshaji, ya chaki na karatasi za ofisi, kwa kawaida hupangwa kwa shule, si kwa kichwa cha mtoto, kwa hiyo kujaa kwa shule hakuiongezi.

Ndiyo maana nadhani, na ni juu yenu kuthibitisha, kwamba walimu wenu 8 wanaolipwa wanalingana na muundo wa shule ile ya watoto 400. Wale watano wanafundisha madarasa ambayo watoto wanayaona kila siku lakini Kinshasa haiyajui. Kazi yenu ya kwanza ni kuyafanya yajulikane. Mambo mengine yote uliyoyataja, mgodi, komini, franki 5,000, yanakuja baada ya hilo.

Kabla sijaingia kwenye faili, niseme kidogo juu ya tulikotoka, maana kwenye mkutano wa wazazi hatakosekana mtu wa kusema, "Zamani tulikuwa tunalipa na masomo yalikuwa yanaenda." Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilishindwa kulipa walimu, migomo ikafunga shule, na wazazi wakakubaliana na makanisa watoe "prime", yaani nyongeza ya kumlipa mwalimu, ili watoto wasipoteze mwaka. Ilikuwa dawa ya muda. Ikakaa zaidi ya miaka 25, na sehemu ya pesa ya mzazi ikawa inapanda ngazi hadi kulisha ofisi zilizo juu ya shule. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 43, ilisema elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ni ya bure. Ilibaki maandishi mpaka Septemba 2019, utekelezaji ulipoanza nchi nzima. Watoto waliokuwa wanabaki nyumbani, waliokuwa wanauza maji barabarani au kuosha mawe ya shaba na wazazi wao, waliingia darasani. Wengine walihama kutoka shule za binafsi. Uamuzi ule ulikuwa wa haki, na nitausimamia mbele ya yeyote. Kilichoumiza shule kama yenu ni kwamba mlango ulifunguliwa kwa siku moja, na orodha ya mishahara haikufunguka kwa mwendo huo.

Sisi wa Lubumbashi tuna kumbukumbu nyingine pia. Wazee wa mji huu wamesoma katika shule za kampuni ya madini, Union Minière na baadaye Gécamines, zenye madawati, vitabu na walimu waliolipwa mwisho wa mwezi. Kampuni ilipoanguka miaka ya 1990, shule zake ziliyumba nayo, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa kazini kwa mpango wa "kuondoka kwa hiari". Wanaokwambia leo "mgodi utulipie walimu" wanakumbuka miaka mizuri ya kampuni na kusahau jinsi ilivyoisha.

Sasa mdogo wako wa Michigan, Marekani. Anasema kweli. Kule shule nyingi za serikali zinaendeshwa na wilaya za elimu, nyingine ndogo sana, na jimbo hutoa kiasi fulani kwa kila mtoto. Mwaka wa masomo 2023-24 kiasi cha msingi kilikuwa dola 9,608 kwa mtoto. Watoto huhesabiwa siku maalumu mwanzoni mwa Oktoba, na tena Februari, na hesabu ya Oktoba ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi. Ukisikia hivyo unaona wivu. Lakini muulize mdogo wako nini hutokea katika wilaya ndogo watoto wanapopungua. Tuseme wamehama watoto 20: pesa inayoondoka inapita dola 190,000. Lakini watoto hao 20 hawatoki darasa moja. Wawili wametoka mwaka wa kwanza, mmoja wa tatu, wawili wa tano. Hakuna darasa linaloweza kufungwa, basi la shule linazunguka njia ile ile, nyumba inapashwa moto kama jana. Sehemu kubwa ya bajeti ya wilaya ni mishahara, kwa hiyo anayeondoka ni mwalimu wa muziki, au msaidizi wa watoto wenye ulemavu. Wakati wa janga la Covid serikali kuu ya Marekani ilimwaga karibu dola bilioni 190 mashuleni. Wilaya nyingi ziliajiri watu kwa pesa hizo, na muda wake ulipoisha Septemba 2024 zikaanza kuwapunguza.

Nimekaa hapo kidogo kwa sababu moja. Kule shule ndogo inaumia watoto wakipungua, kwetu inaumia watoto wakiongezeka, lakini pande zote mbili kinachoamua ni hesabu: nani amehesabiwa, lini, na nani ameiona karatasi. Tofauti ni kwamba msimamizi wa wilaya ya Michigan anajua kwa uhakika siku ya hesabu. Kwetu wazazi wengi hawajui kama hesabu ipo. Ipo. Kila mwaka direkta hujaza fomu za takwimu za shule: watoto kwa darasa, wavulana na wasichana, walimu na vyeti vyao, vyumba na hali yake. Mwombe direkta kwa heshima awaonyeshe fomu ya mwaka huu na ya miaka mitatu iliyopita. Kama fomu bado inasema watoto 450 kwa sababu mtu alinakili ya zamani, basi mmejificha wenyewe.

Twende kwenye faili.

Karatasi ya kwanza ni hati ya kutambuliwa kwa shule pamoja na muundo wake. Isomeni. Kama inataja madarasa pungufu ya 13, basi mnahitaji ombi la kuongeza madarasa. Ombi hilo huandikwa na direkta, hupita kwa msimamizi wa mtandao wa shule za kanisa lenu (shule zenu ziko chini ya mkataba wa mwaka 1977 kati ya serikali na makanisa, kwa hiyo kanisa linasimamia na serikali inalipa), kisha linafika sous-division (ofisi ya elimu ya eneo lenu), halafu PROVED (mkuu wa wizara ya elimu ya taifa katika jimbo) hapa Lubumbashi, na mwisho Kinshasa. Katikati yake mkaguzi lazima aje kuona kwa macho yake kwamba madarasa yapo na watoto wapo. Mwandikieni kumwita, msimngoje.

Karatasi ya pili ni orodha ya malipo yenyewe. Chukueni majina 8 yanayolipwa kwa jina la shule yenu, mlinganishe na watu 8 wanaosimama mbele ya watoto. Fanyeni hivyo bila makelele, direkta akiwepo. Mwalimu aliyefariki, aliyestaafu au aliyehamishwa anaacha nafasi, na nafasi hiyo ni ya shule. Mwalimu mwingine wa shule hiyo hiyo anaweza kupendekezwa kuichukua. Njia hii ni fupi kuliko kuomba nafasi mpya, kwa sababu pesa yake tayari imo kwenye bajeti. Mkikuta jina linalolipwa kwenu na mtu mwenyewe hamumjui, andikeni kwa mtandao wa kanisa na kwa PROVED. Msimtishie mtu, msimfuate nyumbani. Andikeni tu, mgongeshe mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu.

Karatasi ya tatu ni mafaili ya wale watano, kila mmoja lake. Barua ya kupangiwa kazi iliyosainiwa na mwenye mamlaka, tarehe ya kuanza kazi iliyothibitishwa, cheti cha kumaliza sekondari upande wa pedagojia (D6), na kitambulisho ambacho jina lake limeandikwa sawasawa na lile la kwenye cheti. Hili la jina linaonekana dogo. Siyo dogo hata kidogo: herufi moja iliyokosewa, au jina la baba lililotangulia badala ya kufuata, inatosha kurudisha faili nyuma mwaka mzima. Kaeni nao jioni moja mkague herufi kwa herufi. Yule aliyeanza 2020 awe wa kwanza kwenye orodha yenu, na msikubali mtu aliyekuja mwezi jana aruke mbele yake kwa sababu ya undugu na mkubwa fulani.

Kuhusu muda: Bunge huanza kikao cha bajeti tarehe 15 Septemba. Ombi la nafasi mpya linalofika Kinshasa Novemba limechelewa kwa mwaka unaofuata. Kwa hiyo faili liondoke Lubumbashi kabla ya likizo kubwa, na nakala mpeleke kwa wabunge wenu wa taifa, na kwa sendika ya walimu. Kama shule ni ya Kikatoliki kuna SYNECAT, na SYECO ina wanachama katika mitandao mbalimbali. Waziri wa elimu wa jimbo apate nakala pia, ila mjue mipaka yake. Katiba, kifungu cha 204, inaweka elimu ya msingi na ya sekondari katika mamlaka ya majimbo, lakini orodha ya mishahara ingali inatengenezwa Kinshasa. Gavana wa Haut-Katanga anaweza kuwasukumia faili. Hawezi kuongeza jina kwenye orodha.

Kuna mambo mawili nayakataza kabisa. La kwanza, mtu yeyote atakayesema ataingiza majina kwa malipo, awe na kadi ya ofisi au asiwe nayo. Walimu wasiolipwa wamechangishana pesa ya namna hiyo mara nyingi nchini humu, na kinachorudi ni ahadi. La pili, kuongeza hesabu. Kwa kuwa pesa inafuata karatasi, kuna wanaoshawishika kuandika madarasa ambayo hayapo. Ukaguzi wa Inspection générale des finances, wakaguzi wa fedha wa serikali, ulikuta shule hewa na walimu hewa ndani ya orodha ya malipo, na mwaka 2021 wakubwa wa wizara walihukumiwa mahakamani. Tangu hapo kila faili linatazamwa kwa shaka, hata la wakweli. Hesabu yenu ya 780 ina nguvu kwa sababu mtu yeyote anaweza kuja saa mbili asubuhi na saa nane mchana akawahesabu watoto mwenyewe.

Sasa franki 5,000. Hapa najua komite imefika hapo kwa uchungu, si kwa uroho. Mwalimu aliyefundisha miaka yote hiyo bila mshahara ana watoto, ana kodi ya nyumba, na bei ya unga wa bukari haimngojei DINACOPE. Lakini hebu tuhesabu. Watoto 780 mara franki 5,000 ni franki 3,900,000 kwa mwezi. Kwa walimu watano ni 780,000 kila mmoja. Kwenye karatasi inapendeza. Kwa mama mwenye watoto wanne hapo Annexe ni franki 20,000 kila mwezi, na huyo ndiye mama ambaye watoto wake walikuwa nje ya shule kabla ya 2019. Atajaribu Oktoba, atajaribu Novemba, Januari ataona aibu kumtuma mtoto. Mtarudi kwenye watoto 400, na tatizo la walimu litakuwa "limekwisha" kwa kuwafukuza wale ambao sheria ilitungwa kwa ajili yao.

Tena ni kinyume cha sheria. Shule ya msingi ya serikali haina ruhusa ya kudai ada, kwa jina lolote: prime, motisha, mchango wa dharura. Amri ambayo gavana hutoa kila mwaka juu ya ada za shule haifungui mlango huo kwa shule ya msingi. Mkidai, anayeadhibiwa kwanza ni direkta.

Je, wazazi wenye uwezo wakitaka kweli kuwasaidia wale watano? Wanaweza, kama majirani. Masharti yangu ni makali. Mchango usipitie kwa direkta wala darasani. Uhesabiwe kwa nyumba, si kwa mtoto. Mwalimu asijue nani ametoa na nani hakutoa. Usiandikwe popote pamoja na jina la mtoto. Uwe na mwisho unaojulikana, tuseme mwisho wa mwaka wa masomo, na hesabu isomwe mbele ya mkutano. Nimeona vikundi vya wazazi vikitoa mfuko wa unga, makaa na mafuta badala ya pesa; ni njia ya heshima, na unga ni mgumu kuugeuza kuwa ada. Wale wanaouliza "kama ni hiari nani atatoa?" wana wasiwasi wa haki. Watatoa wachache. Hicho kichache, kikitoka bila kumwondoa mtoto hata mmoja, nakipendelea kuliko milioni tatu na laki tisa.

Tuje kwa mgodi na komini, maana hapa Lubumbashi tuna kitu ambacho majimbo mengi hayana, na wazazi wengi hawajui wakidai namna gani.

Kodi ya madini, ile redevance, inagawanywa na sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 kwa mamlaka ya mtaa ambako mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mamlaka ya mtaa maana yake ni komini, mji, sekta au usultani. Zaidi ya hiyo, kampuni inatakiwa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na mgodi, na inatia saini na jamii hizo daftari la ahadi. Kwa hiyo swali lenu la kwanza ni la ramani: mgodi mnaousema uko kwenye ardhi ya komini gani? Watu hupoteza miezi wakibisha mlango wa burgumestri, mkuu wa komini, ambaye pesa ile haimfikii. La pili: je, mtaa wenu umetajwa kati ya jamii zinazoguswa? Kama umetajwa, kuna wawakilishi wenu wanaokaa kwenye chombo kinachosimamia asilimia 0.3. Watafuteni, huenda mmoja anaishi barabara ya pili kutoka kwako.

Lakini sikilizeni vizuri, Mama. Pesa ya komini inayotokana na madini imewekwa kwa ajili ya miundombinu ya jamii. Inajenga vyumba, vyoo, kisima, inanunua madawati. Mshahara wa mwalimu hauko humo. Mkienda kuomba mishahara mtarudishwa, na mtakuwa mmetumia nafasi yenu ya kusikilizwa. Tena angalieni namba zenu: vyumba 8 kwa zamu mbili vinatoa nafasi 16, na nyinyi mnatumia 13. Kwa leo, nyumba siyo inayowabana zaidi. Mkijengewa vyumba sita kesho bila nafasi mpya za mshahara, mtavijaza watoto, mtatafuta walimu sita, na wasiolipwa watakuwa 11. Haya hutokea: jengo zuri lenye rangi mpya na bango la mfadhili, ndani yake walimu wenye njaa. Vyumba mnavihitaji, kwa sababu zamu mbili zinawaibia watoto saa za masomo, na mtoto wa mchana anakuja amechoka na jua. Ombeni, ila ombi la vyumba na ombi la kuongeza madarasa viende wiki moja, na kila kimoja kikitaje kingine. Leo hii, cha kumwomba burgumestri bila kungoja chochote ni madawati na vyoo. Shule iliyojengewa watoto 400 ikabeba 780 inaumia kwanza chooni, na wasichana wa mwaka wa tano na wa sita ndio wanaoanza kukosa siku.

Kuna jambo moja mnaloweza kulifanya bila ruhusa ya Kinshasa, nalo pengine ndilo litakalowagombanisha zaidi. Mna watoto 190 wa mwaka wa kwanza katika madarasa mawili: 95 kwa mwalimu mmoja. Mna 74 wa mwaka wa sita katika madarasa mawili: 37 kwa mwalimu. Mtoto wa miaka sita, anayeshika kalamu mara ya kwanza, ndiye mmemweka kwenye umati. Akishindwa kusoma mwaka huu atarudia, na akirudia anaongeza umati wa mwaka ujao. Sehemu ya 780 yenu ni watoto wanaorudia, ihesabuni, mtashangaa.

Mapendekezo yangu ni kuunganisha mwaka wa sita kuwa darasa moja la 74 na kufungua la tatu la mwaka wa kwanza, ili wawe 63 au 64 kwa kila darasa. Wazazi wa mwaka wa sita watapinga, kwa sababu ya mtihani wa taifa wa mwisho wa shule ya msingi, na 74 ni wengi kweli. Wapeni kitu: mwalimu wenu hodari kuliko wote, zamu ya asubuhi, na miezi mitatu ya mwisho mwalimu wa pili awasaidie kwa marudio ya hesabu na Kifaransa. Mkiona hawakubali kabisa, angalieni mwaka wa nne na wa tano kama kuna darasa jepesi la kuunganisha. Na mwaka wa kwanza mpewe mwalimu anayelipwa. Asiyelipwa anaweza kuondoka Februari akipata kazi mgodini, wala hatuwezi kumlaumu, na darasa la wadogo likipoteza mwalimu katikati ya mwaka halijengeki tena.

Mwisho, direkta na uandikishaji. Namuelewa. Kama walimu watano wakiondoka kesho, watoto 780 kwa walimu 8 ni karibu 98 kwa kila darasa. Lakini shule ya serikali haimfungii mlango mtoto wa mwaka wa kwanza wa mtaa wake. Anachoweza kufanya ni kukaa na madirekta wa shule za jirani, za serikali na za mitandao yote, kabla ya Septemba, wapeane idadi zao darasa kwa darasa. Mara nyingi unakuta shule moja inapasuka na nyingine, dakika kumi kwa miguu, ina darasa la kwanza la watoto 40 kwa sababu tu haina jina. Mzazi akielezwa mapema, akaonyeshwa jina la mwalimu na dawati, wengi hukubali. Kikao hicho kiitwe na sous-division, kwa barua ya direkta, na COPA za shule zote ziwepo. Kama hakuna nafasi jirani, basi muandikisheni, mumweke kwenye fomu ya takwimu, na jina lake liongezwe kwenye ombi la madarasa. Anayerudishwa nyumbani kwa mdomo tu, hakuna ofisi itakayojua kwamba alikuja.